Mkono wa Kushoto wa Tata

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti usogee. Labda umekuja na redio ya zamani, ile ya kupokea na kurusha, uliyoachiwa na mtu au uliyoiokota kwenye vyuma vikuukuu, na lalamiko lako nalijua kabla hujalisema. Unaongea na mwenzako vizuri, baada ya muda sauti yake inakuwa nyembamba kama ya bata. Unazungusha kinobu kidogo, sauti inarudi, halafu inaondoka tena. Usikate tamaa. Redio nyingi za umri huo huhama hivyo, na zinatibika. Unahitaji meza safi, mwanga wa kutosha na subira. Nitakueleza yote ninayoyajua. Ila itabidi tupitie nyumbani kwa baba yangu, kwa sababu redio niliyojifunzia ilikuwa yake.

Nyumbani ni Manga, juu kabisa ya mgongo wa kilima, mahali ambapo ukungu hupanda kutoka mabondeni na kuingia hadi sebuleni bila kubisha. Baba, ambaye kwa lugha yetu ya Ekegusii tulimwita Tata, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Alikuwa na shamba dogo la chai, migomba nyuma ya jikoni, na leseni ya redio ya ridhaa, ya kuongea hewani kwa kupenda tu, aliyoipata akiwa kijana. Waya wa antena ulitoka kwenye paa la nyumba ukaenda hadi kwenye mkaratusi mpakani. Majirani walikuwa wameuzoea. Wageni ndio waliouliza kama tunaanikia nguo juu hivyo.

Kila Jumamosi jioni Tata aliongea na rafiki yake mmoja. Walisoma pamoja chuo cha ualimu, kisha yule rafiki akaoa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, akabaki huko. Simu walikuwa nazo wote wawili. Niliwahi kumuuliza Tata kwa nini wasipigiane tu.

"Kwenye simu mtu anamaliza," alinijibu. "Kwenye redio mtu anabaki."

Nilielewa maana yake kwa kuwasikiliza. Walikuwa wakinyamaza. Mmoja angesema mvua imenyesha, mwingine angekaa kimya akiifikiria mvua hiyo, kuna mvumo tu wa hewani, na hakuna aliyeona vibaya. Halafu mmoja angecheka juu ya mwalimu mkuu aliyekwisha kufa zamani.

Sasa hapa kuna jambo lazima ulijue. Sisi ni Wasabato. Kuanzia Ijumaa jua likizama, redio ilifunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi Mama, na hakuna aliyekigusa. Jumamosi jioni familia ilikaa sebuleni, tukaimba wimbo mmoja, Tata akaomba, Sabato ikawa imefungwa. Akishasema amina alivua koti la kanisani, akaliweka kwenye mgongo wa kiti, akaondoa kitambaa, akawasha redio. Rafiki yake alikuwa tayari anamngoja. Kwa hiyo redio ile, maisha yake yote, ilianza kazi ikiwa baridi kama jiwe la mtoni.

Ndani ya redio ya namna hii kuna kisanduku cha chuma, na ndani yake koili ya waya na kapasita kadhaa, vile vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Hivyo vitu vidogo ndivyo vinavyoamua redio isimame wapi, yaani masafa yake. Redio ikipata joto, waya wa koili unatanuka kidogo sana, kapasita nazo zinabadilika kila moja kwa tabia yake, na masafa yanateleza. Redio ya Tata iliteleza kwenda chini. Baada ya nusu saa hivi, joto likishasambaa sawasawa, ilitulia. Dawa ya kwanza, ambayo haihitaji fundi, ni kuiwasha mapema na kuiacha ijipashe kabla ya kuongea. Ukiweza kufanya hivyo tu, fanya, na usifungue skrubu hata moja.

Mimi ni fundi mjini Kisii. Nina kibanda karibu na soko la Daraja Mbili. Natengeneza vipaza sauti vya makanisa, redio na chaja. Siku moja katikati ya wiki Tata alinipigia.

"Redio imeharibika," alisema. "Inakimbia. Njoo na vyombo vyako."

"Imeanza lini, Tata?"

"Imezeeka. Njoo."

Nilipanda Manga Ijumaa mchana ili nisikutwe njiani na Sabato. Jumamosi jioni, baada ya amina, nilikaa nyuma ya kiti chake nikaangalia. Rafiki yake alikuja vizuri kabisa, akamsalimia, wakaulizana habari za miguu na magoti. Halafu sauti ikaanza kuteleza, kama nilivyokueleza, na Tata akapeleka mkono wa kushoto kwenye kinobu ili aifuate. Mkono ulitetemeka. Kinobu cha redio hizi ni chepesi, ukikigusa tu masafa yanahama. Sauti ya rafiki yake ilipanda ikawa ya kitoto, ikashuka ikawa ya mtu aliye ndani ya pipa, ikapanda tena. Na kwa kuwa kinobu kilekile ndicho kinachoongoza pia sauti inayotoka, kule ng'ambo naye Tata alikuwa akipanda na kushuka.

"Mwalimu," alisema rafiki yake, kwa ule utani wao wa miaka yote, "leo umekuja juu ya punda? Shuka basi tuongee."

"Ni redio," Tata alijibu.

"Mpe nyasi huyo punda atulie."

"Nimesema ni redio!"

Kulikuwa na kimya, na hakikuwa kile kimya chao. Walijaribu tena, wakapotezana. Tata alizima, akafunika kitambaa, akauweka mkono wa kushoto chini ya ule wa kulia, juu ya goti, kama mtu anayemzuia mtoto asiinuke kanisani. Mwezi mmoja kabla ya hapo Mama alikuwa ameniambia kwamba siku hizi Tata anakunywa chai kwenye kikombe kisichojaa. Sikuwa nimeelewa alikuwa ananiambia nini.

Nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anachambua chinsaga, mboga zetu za kienyeji, za chakula cha jioni.

"Mama, redio hii ilikuwa inahama hivi tangu zamani?"

"Mimi najua redio?"

"Lakini ulikuwa unamwona akiongea."

Alifikiri. "Nilikuwa naona anaizungusha. Wakati wote anaizungusha, pole pole, hata akiwa anacheka. Nilidhani ndivyo inavyochezwa. Kama mtu wa gitaa."

Hapo nikakumbuka na mimi. Toka nikiwa mdogo picha yangu ya baba akiongea ni ile: mkono wa kulia umeshika kipaza sauti, wa kushoto uko juu ya kinobu, vidole viwili tu, unasogea bila yeye kuutazama. Redio haikuwa imebadilika hata kidogo. Ilikuwa inahama vilevile tangu siku aliyoipata. Kilichokuwa kikiirudisha mahali pake ni mkono wa baba, na mkono huo wenyewe ndio sasa ulikuwa umeanza kuhama.

Mama akaniambia kwamba hospitalini walishasema jina la ugonjwa huo wa kutetemeka, naye Tata alilipokea kwa adabu na kulirudisha nyumbani kama mtu aliyepewa bahasha isiyo yake. Ugonjwa aliuweka kando. Redio ndiyo iliyokuwa mbovu. Na alichoogopa kukipoteza nilikijua: ile saa moja ya Jumamosi. Mikutano ya kanisa alikuwa ameiacha pole pole, ubao wa shule ulikuwa umebaki nyuma, na hata kuchuma chai alikuwa amewaachia wengine. Rafiki yake ndiye mtu wa mwisho aliyeongea na Tata kama na yule mwalimu wa zamani.

Asubuhi yake nilimpendekezea dawa ile rahisi.

"Tata, tuiwashe kabla jua halijazama. Hutaongea. Itajipasha moto tu."

"Siku ya saba."

"Ni redio, Tata. Haina dhambi."

"Mgeni aliye ndani ya malango yangu anapumzika," alisema, na akanitazama kwa macho ya darasani. "Na punda wangu pia. Umesikia jina lake jipya."

Alicheka kidogo, nami nikacheka. Lakini alikuwa amekataa.

Mama ndiye aliyepata wazo, na hakumwambia mtu. Chakula chetu cha Sabato hupikwa Ijumaa, kikawekwa kwenye thamosi na vyungu vilivyofunikwa, ili Jumamosi kazi iwe kupakua tu. Akaona redio nayo ni chakula. Ijumaa iliyofuata nilipanda tena, na Jumamosi mchana nilipotoka kanisani nikakuta meza ya redio iko wazi. Redio ilikuwa jikoni, imeviringishwa blanketi, imekaa kwenye kigoda kando ya meko, karibu na sufuria ya uji.

"Mama!"

"Sikuiwasha," alisema upesi. "Moto ulikuwa unawaka wenyewe, wa uji. Nimeisogeza tu."

"Umeisogeza Sabato?"

"Ng'ombe akitumbukia shimoni Sabato hatolewi?"

Jioni ile redio ilinuka moshi wa kuni kwa mbali, na Tata aliinusa, akamtazama mkewe. Akawasha. Rafiki yake akaja. Mimi nilikuwa nimesogeza kiti, nimemwomba Tata aniachie kinobu, kwa kisingizio kwamba fundi lazima asikilize mwenyewe. Sauti ikaanza kuhama. Lakini safari hii ilihama kwenda juu! Moto wa meko ulikuwa umeipa joto zaidi ya lile inalojitengenezea yenyewe, na sasa ilikuwa inapoa hapo mezani kwenye ukungu, inarudi ilikotoka.

Nilitaka kumkumbatia Mama. Kosa lake lilikuwa limenionyesha kitu ambacho kingenichukua siku nyingi. Baridi, inapanda, joto, inashuka. Kwa hiyo ubovu haukuwa wa umeme wala wa waya uliolegea, maana hivyo huruka ghafla, kama mtu anayejikwaa. Hii ilikuwa inatembea taratibu na kufuata joto tu. Kitu kinachofuata joto kinaweza kupatikana.

Na wewe anza hapo. Jua kwanza kama redio yako inaruka au inateleza. Ikiruka, tafuta solda iliyopasuka, skrubu iliyolegea, kutu kwenye vile vibati vya chuma vinavyogusa mhimili wa kapasita ya kuzungusha. Safisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pima pia umeme unaoingia kwenye kile kisanduku cha masafa. Ukiwa unapanda na kushuka, masafa yatacheza nao. Ikiteleza, ni joto.

Niliifunga redio kwa lile blanketi, nikaishusha Kisii kwenye bodaboda nimeipakata kama mgonjwa. Tata alisimama mlangoni. "Usiifungue sana," alisema. Nilimwahidi kwamba nitairudisha kabla ya Sabato.

Kibandani niliiweka mbali na mlango, jua lisiifikie. Nakuomba unisikilize vizuri hapa: baadhi ya redio hizi zina valvu, zile kama taa za kioo, na umeme wake mkali hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Chomoa, ngoja, kisha pima kwa mita uhakikishe umeisha. Usiingize kidole kwa imani.

Niliunganisha mita ya kupima masafa, nikawasha redio ikiwa baridi, kifuniko kikiwa kimefungwa, nikaiangalia ikishuka. Kifuniko ni muhimu. Mafundi wengi hufungua redio, wakaipima ikiwa wazi, wakatengeneza, wakafunika, na ugonjwa ukarudi, kwa sababu redio iliyo wazi inapoa kwa namna nyingine. Usimpime homa mtu aliyetoka kuoga.

Baada ya kujua inavyoshuka ikiwa imefunikwa, nilifungua kile kisanduku cha ndani na kutafuta kapasita yenye hatia. Njia ni hii. Redio ikishapata joto na kutulia, chukua kijiti chenye pamba, kichovye kwenye spiriti kidogo, kiguse kapasita moja tu. Spiriti inapokauka inaipoza. Angalia mita. Kama masafa hayajali, nenda kwenye nyingine, lakini ngoja kwanza ile ya kwanza irudie joto lake. Hapa ndipo watu hukosa subira, wanagusa tatu kwa mpigo na kisha hawajui ni ipi iliyojibu. Usikimbie. Moja, ngoja, nyingine.

Ya tatu au ya nne, sikumbuki, ilijibu kwa kishindo. Namba ziliruka juu kama kuku aliyekanyagwa. Ilikuwa kapasita ndogo ya rangi ya kahawia, imepauka, haijapasuka wala kuvimba. Ungeiona usingeishuku. Nilienda Daraja Mbili, kwa mama mmoja anayeuza mitumba ambaye pembeni hutandika gunia la redio na televisheni zilizokufa. Aliniambia nisimchambulie gunia kama mchele. Nikanunua mzoga wa redio ya mawasiliano, nikatoa humo kapasita ya aina ile isiyobadilika kwa joto. Zipo, zimetengenezwa makusudi, na ukiambiwa bei ya mpya si mbaya, lakini Kisii zinachelewa kufika. Iwe na ukubwa uleule na ivumilie umeme uleule. Ndiyo sheria.

Nilibadilisha. Nikafunika. Nikaacha ipoe kabisa, nikawasha upya. Bado ilishuka, lakini kidogo tu. Hicho kilichobaki kilikuwa cha koili, ambayo huwezi kuibadilisha tabia. Kwa hiyo unaipa mwenzake: kapasita nyingine ndogo sana, ya aina ambayo hupungua inapopata joto, ikae sambamba. Koili ikivuta chini, yeye anavuta juu. Utaijaribu mara nyingi, kubwa kidogo, ndogo kidogo, na kila mara lazima usubiri redio ipoe. Nilikuwa nikimaliza kazi nyingine, ninairudia. Wateja walilalamika. Mmoja aliuliza kama naatamia mayai.

Ijumaa, kabla jua halijazama, ilikuwa mezani kwa Tata, na kitambaa cheupe juu yake.

Jumamosi jioni tuliimba, Tata akaomba. Maombi yake yalikuwa mafupi kuliko kawaida. Akawasha. Mkono wa kushoto ulienda kwenye kinobu kwa mazoea.

"Tata, uache tu," nilimwambia. "Weka pajani."

"Itakimbia."

"Iache ikimbie, tuione."

Akauweka pajani. Rafiki yake akaja, wakasalimiana, wakaulizana magoti. Nilikuwa namwangalia Tata shingoni, jinsi alivyokuwa amekaza misuli akiingoja ile sauti iondoke. Haikuondoka. Dakika zilipita, sauti ya yule mzee ikakaa palepale, nzito, ya kwake, kama mtu aliyeketi ng'ambo ya meza.

"Mwalimu," alisema, "punda ameenda wapi?"

"Nimemuuza," Tata alisema.

Kisha wakanyamaza, kile kimya chao chenyewe. Mama alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, hakutoka mpaka walipoagana.

Walipomaliza, Tata aliomba kuona nilichokitoa. Nilikuwa nacho mfukoni. Nikakiweka kwenye kiganja chake cha kushoto, kile kipande cha kahawia kisichozidi punje ya haragwe, na kikaanza kuchezacheza pale kiganjani, kikigonga kucha ya kidole gumba. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni hiki kilichokuwa kinatetemeka," alisema.

"Ni hicho, Tata."

"Mbuya mono," akanishukuru kwa lugha yetu. Akafunga kiganja. Hadi leo sijui kama aliniamini, au alinihurumia tu kwa kunionyesha kwamba ameniamini. Alikuwa mwalimu. Alijua kusahihisha, na alijua pia kuacha.

Nilimpa, nadhani, mwaka mmoja na zaidi kidogo wa kuongea hivyo. Ugonjwa ule ukitoka mkononi huenda na mahali pengine. Ulienda kwenye sauti yake. Aliongea polepole, kisha kwa chini, kisha ikawa kama mtu anayeongea akiwa ameupa mlango mgongo. Nilibadilisha kipaza sauti, nikaongeza nguvu, nikafanya yote ambayo fundi anaweza kufanya nje ya mwili wa mtu. Rafiki yake alisema, "Rudia, Mwalimu," kisha akaacha kusema hivyo, maana aliona inamchosha.

Yule rafiki ndiye aliyekumbuka ufunguo wa Morse. Walijifunza pamoja wakiwa vijana, ule wa kubonyeza, mlio mfupi, mlio mrefu, kila herufi na milio yake. Wa Tata ulikuwa kwenye sanduku la vitabu vya shule. Niliusafisha, nikauunganisha. Kila rafiki yake alipomaliza kueleza habari zake, Tata alibonyeza kujibu. Alitaka kutuma herufi, lakini sasa hata mkono wa kulia ulikuwa umeanza, na mlio mmoja mrefu ulitoka umekatikakatika, mifupi mingi isiyo herufi yoyote. Mlio wenyewe haukupanda wala kushuka. Redio ilikuwa imesimama imara, na juu yake kilisikika kitu kimoja tu, mkono wa baba yangu.

Jumamosi ya kwanza alipoona haisomeki aliinua mkono kutoka kwenye ufunguo, akakata tamaa. Hewani kukawa na mvumo mtupu. Halafu rafiki yake akasema:

"Nakusikia, Mwalimu. Hakuna mwingine anayebonyeza hivyo. Bonyeza tena."

Akabonyeza tena.

Ndivyo walivyoongea hadi mwisho. Mmoja alisimulia, mwingine alitetemesha mlio, na yule wa kwanza akasema, "Ndiyo, hata mimi nilifikiri hivyo." Sijui kama alikuwa anaelewa. Nadhani alikuwa anabaki.

Tulimzika Tata upande wa chini wa shamba la chai, mahali alipopachagua. Rafiki yake nilimpigia simu mwenyewe. Alinisikiliza, akauliza habari za Mama, akasema magoti yake hayatamfikisha Manga. Alimaliza, kama watu wanavyomaliza kwenye simu.

Jumamosi iliyofuata tulifunga Sabato mimi na Mama. Nyumba ilikuwa imeshaondokewa na wageni. Wimbo ulikuwa mwembamba, sauti mbili tu. Baada ya amina Mama hakuinuka.

"Washa," alisema.

Leseni ilikuwa ya Tata, imekwenda naye. Mimi ninaruhusiwa kusikiliza tu. Niliondoa kitambaa, nikawasha, redio baridi kabisa, na yule mzee alikuwepo. Alikuwa ameshaanza. Aliita ishara ya Tata, herufi na namba za leseni yake, mara moja, akangoja kwa muda ambao ungetosha mtu kubonyeza, kisha akaendelea kusimulia. Mahindi yake yamepata viwavi. Mjukuu wake amefaulu. Alikumbuka siku waliyoadhibiwa chuoni kwa kutundika waya kwenye paa la bweni. Akawa ananyamaza, kisha anasema, "Ndiyo, hata mimi nilifikiri hivyo."

Mikono yangu ilikuwa pajani, haikuwa na la kufanya. Mama aliinama karibu nami.

"Haihitaji kuzungushwa?"

"Haihitaji, Mama."

Hata hivyo alinyoosha vidole viwili akaviweka juu ya kinobu, pale ambapo rangi ilikuwa imelika, bila kukisogeza, akaviacha hapo mpaka yule mzee alipotuaga.

Haya, tuirudie redio yako. Usifungue kitu bado. Leo jioni, ikiwa baridi, iwashe kifuniko chake kikiwa kimefungwa, tafuta kituo kimoja unachokijua sauti yake, kisha weka mikono yako pajani na usikilize kwa nusu saa bila kugusa kinobu.